Nani Kamtesa Shujaa? Undani wa Ugomvi wa Mashabiki na Waandishi wa Komiki

Mwishoni mwa 2007 Peter Parker, ambaye dunia inamjua kama Spider-Man, aliitoa ndoa yake kwa shetani. May, mama aliyemlea, alikuwa mahututi kwa risasi iliyolengwa kumpata Peter mwenyewe. Mephisto, ibilisi wa hadithi za kampuni ya komiki ya Marvel, akajitokeza na sharti moja: atamponya mama huyo, lakini ndoa ya Peter na Mary Jane ifutike kana kwamba haikuwahi kufungwa. Wakakubali. Harusi ya 1987, ambayo mwaka ule iliigizwa hata mbele ya umati katika uwanja wa Shea Stadium jijini New York huku Stan Lee, mmoja wa waliomuumba Spider-Man, akiwa mfungishaji, ikawa haikutokea.

Hasira ya wasomaji haijapoa mpaka leo. Ila ukiwasikiliza wanavyoizungumzia, utaona lawama zinaruka kila upande. Wapo wanaomlaani J. Michael Straczynski, kwa kuwa jina lake ndilo lililoandikwa penye nafasi ya mwandishi. Wapo wanaomlaani Joe Quesada, aliyekuwa mhariri mkuu wa Marvel na ambaye ndiye aliyeichora hadithi yenyewe. Wapo hata wanaomkasirikia Peter kwa upumbavu wake, kama vile angeweza kukataa. Na katikati ya vurugu hiyo Straczynski naye akasema hadharani kwamba alitaka jina lake liondolewe kwenye matoleo mawili ya mwisho. Mshtakiwa mkuu, kumbe, alikuwa mmoja wa walalamikaji.

Ndiyo maana mjadala kuhusu namna waandishi wanavyowatendea mashujaa huwa hauishi. Ndani yake kuna magomvi kadhaa yanayopiganwa kwa wakati mmoja, na kila mtu anadhani mwenzake yuko kwenye ugomvi uleule.

Maumivu peke yake si kosa

Tuanze na lawama iliyo nyepesi kuliko zote: kwamba mwandishi fulani "anamtesa" shujaa. Mwaka 1973, katika Amazing Spider-Man toleo la 121, mwandishi Gerry Conway na mchoraji Gil Kane walimuua Gwen Stacy, mpenzi wa Peter. Adui wake Peter, Green Goblin, alimtupa msichana huyo kutoka juu ya daraja, Peter akamdaka kwa utando wake, na pembeni ya shingo ya msichana yule pakaandikwa mlio mdogo wa kitu kinachovunjika. Maana yake ni kwamba huenda mkono wa kumwokoa ndio uliomuua. Wasomaji wa wakati ule walighadhibika. Leo hadithi hiyo inatajwa miongoni mwa zile kubwa kabisa za Spider-Man, na wanaoitaja hivyo ni mashabiki walewale wanaolalamikia mateso.

Miaka kumi na tatu baadaye Frank Miller na mchoraji David Mazzucchelli walimshughulikia Daredevil. Karen Page, mwanamke aliyempenda, alikuwa amezama kwenye dawa za kulevya, na akaliuza jina halisi la Daredevil ili apate dozi moja. Kingpin, mkuu wa wahalifu, akalitumia jina hilo, Matt Murdock, kumpokonya Daredevil kazi, fedha, nyumba, na karibu akili yake. Ni vigumu kupata shujaa aliyefanyiwa ukatili mkubwa kuliko huo, na ni vigumu vilevile kupata shabiki wa Daredevil asiyeipenda hadithi hiyo.

Kwa hiyo msomaji wa komiki anastahimili machozi, tena mengi. Kinachomchefua ni kitu kingine, na sioni mfano unaokionyesha vizuri kuliko wa Carol Danvers.

Mwaka 1980 kundi la Avengers lilifikisha toleo lake la 200. Carol, wakati huo akiitwa Ms. Marvel, anajikuta mjamzito ghafla bila kujua imekuwaje, na mimba inakomaa kwa muda mfupi usio wa kawaida. Mtoto anazaliwa na kukua kuwa mwanamume mzima, Marcus, ambaye anaeleza bila haya kwamba aliwahi kumchukua Carol hadi kwenye ulimwengu wake nje ya wakati, akamlegeza moyo kwa msaada wa mashine, kisha akajipandikiza ndani yake ili azaliwe duniani. Carol anaamua kuondoka naye, akisema anampenda. Wenzake wanamuaga na kumtakia heri. Mwisho.

Hakuna hata mmoja katika kundi lile la mashujaa anayesema kwamba mwanamke huyu ametekwa, amechezewa akili na kubakwa. Hadithi yenyewe haijui kwamba imesimulia ubakaji. Hapo ndipo lilipo kosa. Mwaka uleule shabiki mmoja, Carol Strickland, aliandika makala kali katika jarida la mashabiki akiliita jambo hilo kwa jina lake. Mwaka uliofuata Chris Claremont, ambaye aliwahi kuandika komiki ya Ms. Marvel kwa muda mrefu, akalijibu ndani ya hadithi: katika toleo la mwaka la Avengers, Carol anarudi, anawakalisha wenzake na kuwauliza ilikuwaje wakamwachia aende. Majibu hawana.

Claremont hakupunguza mateso ya Carol hata kidogo. Kwa kweli aliyaongeza, kwa sababu katika toleo hilohilo ananyang'anywa nguvu zake na kumbukumbu zake na msichana aitwaye Rogue, aliyeonekana hapo kwa mara ya kwanza. Tofauti ni kwamba safari hii hadithi ilikuwa upande wake. Ilikiri yaliyompata, ikayapa uzito, ikampa Carol nafasi ya kuyasema kwa kinywa chake. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo, na kinafanya kazi karibu kila mahali: usiulize shujaa ameumizwa kiasi gani, uliza kama hadithi inakumbuka kwamba ameumizwa.

Kipimo hicho kinaeleza pia orodha maarufu ya Gail Simone ya mwaka 1999. Simone, wakati huo msomaji tu, aliorodhesha wahusika wa kike waliouawa, kulemazwa au kupokonywa nguvu zao, na akaipa orodha jina lililotokana na Green Lantern toleo la 54 la mwaka 1994, ambamo shujaa wa komiki hiyo, Kyle Rayner, anarudi nyumbani na kukuta maiti ya mpenzi wake Alexandra DeWitt ndani ya jokofu. Watu wengi waliielewa orodha ile kama madai kwamba wanawake wasiguswe. Hoja ilikuwa nyingine: Alexandra anakufa ili Kyle akasirike. Kifo ni chake, lakini hadithi ni ya mtu mwingine, na baada ya kurasa chache hasira ya Kyle ndiyo inayokumbukwa, si yeye.

Mhusika ni mmoja, mikono ni mingi

Lawama ya pili ni nzito zaidi: "huyu si yeye." Shujaa ametenda jambo ambalo mtu mwenye tabia yake hawezi kulitenda. Hapa mashabiki mara nyingi wana haki, ila wanamkamata mtu asiye sahihi.

Chukua kisa cha Cyclops, kiongozi wa kundi la mashujaa la X-Men. Mwaka 1980 Claremont na mchoraji John Byrne walipanga Jean Grey, mpenzi wa Cyclops, apoteze nguvu zake na kuendelea kuishi. Jim Shooter, mhariri mkuu, akakataa: Jean ameangamiza sayari yenye viumbe bilioni tano, haiwezekani arudi nyumbani kama aliyepigwa faini. Jean akafa. Claremont akamwacha Cyclops aomboleze, kisha mwaka 1983 akamwoza Madelyne Pryor, kwa nia ya kumstaafisha apumzike na familia yake. Wakapata mtoto.

Kisha Marvel ikataka kuwarudisha X-Men watano wa mwanzo katika komiki mpya, X-Factor. Bila Jean hawatimii watano. Suluhisho lilitokana na wazo la Kurt Busiek alilolibuni tangu alipokuwa shabiki tu: aliyekufa hakuwa Jean, ilikuwa nguvu ya Phoenix iliyovaa sura yake, na Jean halisi amelala muda wote chini ya maji. Wazo zuri mno! Lilimwondolea Jean dhambi ya kuua sayari nzima. Lakini mwaka 1986 lilipotekelezwa, Cyclops aliposikia Jean yu hai, alimwacha mkewe na mtoto mchanga akamkimbilia.

Sasa nani alimharibu Cyclops? Claremont hakutaka. Waandishi wa X-Factor walipewa kazi ya kukusanya kundi. Busiek alikuwa anatatua tatizo la Jean. Shooter alikuwa na hoja ya haki kuhusu sayari ile. Kila mmoja alifanya jambo lenye maana mahali pake, na jumla yake ikawa mwanamume anayetelekeza familia. Baadaye waandishi wakajaribu kumsafisha kwa kumgeuza Madelyne kuwa nakala ya Jean iliyotengenezwa maabara, tena mwovu. Yaani ili kumwokoa mwanamume aliyemwacha mkewe, mke ndiye aliyebebeshwa dhambi. Kwa maoni yangu hilo ni baya kuliko kosa la kwanza.

Na si waandishi na wahariri pekee. Mwaka 1981 Hank Pym, mmoja wa mashujaa wa Avengers, alimpiga mkewe Janet, na tangu siku hiyo hajawahi kuvuliwa sifa ya mpiga mke. Shooter, aliyeiandika hadithi hiyo, alikuja kueleza miaka mingi baadaye kwamba alikusudia Hank arushe mikono kwa kukata tamaa na kumgusa Janet kwa bahati mbaya, lakini mchoraji Bob Hall akachora kofi la nguvu zote. Kweli au la kwamba hilo linampunguzia Shooter lawama, mchoro mmoja uliamua sifa ya mhusika kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mambo haya yanawezekana kwa sababu ya umiliki. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman kwa dola 130. Walikuja kupata malipo ya uzeeni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja mnamo 1975, baada ya kelele kubwa hadharani, na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao. Bill Finger, aliyemuumba Batman pamoja na Bob Kane, alikufa bila kutambuliwa. Jina lake lilianza kuandikwa rasmi mwaka 2015. Kwa desturi ya Marvel na DC, mhusika ni mali ya kampuni, na mwandishi ni kibarua aliyekodishwa kwa muda. Hawezi kumzuia mwandishi ajaye asivunje alichojenga, na yeye mwenyewe amejenga juu ya magofu ya mwingine.

Mmiliki huyo ana shida yake pia: hataki hadithi iishe. Peter Parker alianza 1962 akiwa mwanafunzi wa sekondari. Akamaliza shule 1965, akahitimu chuo 1978, akaoa 1987, yaani kwa robo karne alisogea, japo kwa mwendo wa kobe. Halafu wakubwa wa kampuni wakaona ndoa inamzeesha na kumtenga na wasomaji vijana. Hoja ya Quesada ndiyo hiyo, na si hoja ya kijinga, hata kama njia aliyoichagua ilikuwa mbovu: talaka ingemzeesha zaidi, kifo cha Mary Jane kingemfanya mjane, basi akatafutwa shetani.

Waswahili husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kampuni za komiki zinaipenda sana hekima hiyo. Shabiki haitaki hata kuisikia, kwa sababu yaliyopita ndiyo mali pekee aliyonayo: aliyanunua toleo kwa toleo.

Mashabiki nao si watazamaji tu

Katika miaka ya 1960 mhariri Julius Schwartz wa DC alianza kuchapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Wasomaji wakaandikiana wenyewe kwa wenyewe, wakaanzisha majarida yao, na baadhi yao wakaingia ndani ya kampuni zenyewe. Roy Thomas alitoka kwenye majarida hayo hadi Marvel mwaka 1965. Shooter aliuzia DC hadithi zake akiwa na miaka 14. Tangu hapo karibu kila mwandishi wa mashujaa ni shabiki wa zamani mwenye kinyongo na mwandishi fulani wa zamani, na siku akipewa kalamu anarekebisha.

Hal Jordan, Green Lantern kabla ya Kyle na shujaa aliyesifiwa kwa kutokuwa na hofu, ni shahidi. Mwaka 1994 DC ilitaka Green Lantern mpya. Ron Marz akakabidhiwa njama iliyokwisha kuamuliwa ofisini: Hal, baada ya jiji lake kuangamizwa pamoja na watu milioni saba, anapandwa na wazimu, anawashambulia wenzake na kuwa adui anayeitwa Parallax. Yote hayo katika matoleo matatu tu. Mashabiki wake wakaunda kikundi cha kampeni kudai arudishwe. Miaka kumi baadaye Geoff Johns, aliyempenda Hal tangu utotoni, akaandika kwamba Parallax ni kidudu cha hofu kilichomwingia Hal, na kwamba matendo yale hayakuwa yake.

Mashabiki wa Hal walishangilia. Mimi naona walipewa mshahara wa uongo. Kisa cha 1994 kilikuwa cha haraka na kisichoaminika, lakini ndani yake kulikuwa na swali zito: mtu asiye na hofu atafanya nini akifiwa na kila mtu? Kulijibu kwa kusema "ni kidudu" ni kulifuta swali. Kwa kipimo nilichokitaja, hadithi iliamua kusahau, safari hii kwa ombi la mashabiki.

Na kuna wakati mmoja mashabiki walipewa rungu mikononi. Mwaka 1988 DC ilifungua namba mbili za simu, senti 50 kwa kila simu, ili wasomaji waamue kama Jason Todd, wa pili kuwa Robin, msaidizi wa Batman, ataokoka mlipuko uliotegwa na Joker. Kura 5,343 zilitaka afe, 5,271 zilitaka aishi. Tofauti ni 72. Robin akafa, na Batman akamkuta tayari ni maiti. Jim Starlin, aliyeiandika, hakuwa akimpenda Robin na hakuficha. Lakini ukisikia mtu anadai waandishi ndio wakatili, mkumbushe simu zile.

Kisa kigumu kuliko vyote ni cha Barbara Gordon, aliyekuwa shujaa Batgirl, kwa sababu hapo pande mbili za mashabiki zina haki kwa pamoja. Mwaka huohuo wa 1988, katika hadithi ya Alan Moore na mchoraji Brian Bolland, Joker alimpiga Barbara risasi ya uti wa mgongo ili kumtia wazimu baba yake. Ni kisa cha jokofu kabla jokofu halijapata jina. Moore mwenyewe alikuja kusema kwamba pengine hapo kampuni ilipaswa kumzuia. Lakini waandishi Kim Yale na mumewe John Ostrander walikataa kumwacha Barbara sakafuni. Walimfanya Oracle: mwanamke kwenye kiti cha magurudumu, bingwa wa kompyuta, anayejua mambo ambayo Batman mwenyewe lazima amuulize. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mmoja wa mashujaa wachache sana wenye ulemavu waliopewa akili, mamlaka na heshima.

Mwaka 2011 DC ilianza upya hadithi zake zote, na Barbara akarudi kuwa Batgirl anayetembea na kuruka mapaa. Mwandishi aliyepewa kazi hiyo ni Gail Simone yuleyule. Waliochukia risasi ya 1988 walisema dhuluma imefutwa. Wasomaji wenye ulemavu walisema wamenyang'anywa mtu wao. Simone alijitahidi, Barbara wake akaendelea kubeba kumbukumbu na hofu ya risasi ile, kwa hiyo hadithi haikusahau kabisa. Hata hivyo sioni jinsi yoyote ambayo mwandishi angeweza kuwaridhisha wote. Kosa la mwanzo lilikuwa limezaa kitu chema, na huwezi kulifuta kosa ukabakiza tunda.

Kuna upande mmoja wa mjadala huu usiohitaji ufafanuzi mrefu. Mwishoni mwa 2012 mwandishi Dan Slott alipomfanya adui Doctor Octopus auteke mwili wa Peter Parker, watu walimtishia kumuua kabla hata toleo halijafika madukani. Mwaka uliofuata hadithi hiyo ikapata wapenzi wengi, na 2014 Peter akarudi mwilini mwake, kama kila msomaji mzoefu alivyojua atarudi. Mtu anayetishia maisha ya mwandishi kwa ajili ya mhusika asiyeweza kufa hana hoja ya kujibiwa.

Januari 2024 Marvel ilitoa Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na mchoraji Marco Checchetto, katika ulimwengu uliotengwa na ule mkuu. Peter huyu ni mtu mzima, ana mke, Mary Jane, na watoto wawili. Toleo la kwanza lilirudiwa kuchapishwa mara kadhaa. Mashabiki wengi wakalishika kama ushahidi kwamba Quesada alikosea, na kwamba ndoa haimchushi shujaa. Sidhani kama ushahidi huo unawafikisha wanakotaka. Katika komiki ile muda unakwenda na kalenda, mwezi wa dukani ni mwezi wa hadithi, watoto wanakua, na mwaka 2025 Marvel ikatangaza kwamba ulimwengu huo mzima utafikia kikomo 2026. Peter yule aliruhusiwa kuwa na familia kwa kuwa aliruhusiwa kuisha. Yule wa 1962 hana ruhusa hiyo, na mwandishi yeyote atakayemrudishia mke leo atakuwa amemwachia mwandishi wa kesho kazi ya kumwondoa.